Shimo la Maji ya Sabuni

Mlango wa nyuma wa Mama Povu ulikuwa unarandwa kila msimu wa mvua. Seremala alikuja na randa yake, akaushusha, akapunguza pale ulipogusa fremu, akaurudisha, akalipwa, akaenda zake. "Mbao imekunywa maji, mama," alisema, na Mama Povu hakubisha. Mtu anayefua nguo za watu anajua kitu kikinywa maji kinavyovimba. Ajabu ni kwamba kiangazi kilifika na mlango haukunywea. Juu ulibana vilevile, chini ukaacha mwanya wa kupitisha panya bila kuinama. Seremala hakuuliza kwa nini. Fundi anayeuliza sana hujinyima kazi.

Mama Povu ni dobi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, juu ya mteremko, na uani nyuma alikuwa na vibao viwili vya saruji vya kufulia, tangi kubwa la maji juu ya matofali, na kamba nne za kuanikia. Alifua mashuka na makoti ya zahanati, nguo za nyumba ya wageni, na sare za watu wasiopenda kufua. Mikono yake ilikuwa laini kiganjani na migumu vidoleni, na kola alikuwa akiitazama kabla hajamtazama mwenye shati. Mimi nauza mawe, kokoto na mchanga pale kona, njia ya kilima inapokutana na barabara ya lami, kwa hiyo shida za kilimani hunifikia mapema, maana karibu zote mwisho wake ni mawe.

Kiwanja kilikuwa cha baba mkwe wake. Mzee alikigawa kabla hajafa: cha juu kwa mwanawe wa kiume, cha chini kwa binti. Mwana naye akafa, akamwachia mkewe, huyu Mama Povu, nyumba pamoja na mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa na binti wa kumzaa hapo chini, lakini alikataa katakata kuhamia kwake.

"Kule cherehani inalia kama mbuzi," alisema, "na mchuzi wao hauna chumvi. Mimi nakaa na huyu. Si damu yangu, lakini ana adabu na ana chumvi."

Akalala chumba cha nyuma, kichwa kikiwa upande wa uani, akimsikia mkwe wake akifua, naye akimtoa makosa kupitia dirishani.

Zamani maji ya kufulia yalimwagwa uani, yakashuka yenyewe kwenye njia ya miguu. Sasa, kilimani kwetu lipo kosa moja ambalo halisameheki haraka. Unaweza kugombana na mumeo mchana kweupe, unaweza kufuga jogoo anayewika wenzake wakiwa usingizini, na watu wakakuvumilia. Lakini maji yako machafu yakipita mlangoni kwa mwenzio, utasemwa mpaka wajukuu wako waoe. Siku moja mke wa seremala aliteleza kwenye povu akiwa na trei ya mayai. Hakuumia, ila mayai yote yalimaliza safari yao pale. Mama Povu alilipa mayai, akaomba radhi nyumba kwa nyumba, kisha akatafuta wachimbaji wakamchimbia shimo uani, refu kumzidi mtu, akalijaza mawe niliyomuuzia mimi, akalifunika kwa zege. Tangu hapo maji ya sabuni yakawa yanaingia shimoni kimyakimya. Njia ikakauka. Watu wakamsifu, na baadhi wakachimba yao.

Ndivyo tulivyo. Maji yasiyoonekana hayana mwenyewe. Lakini maji hayajui kutoweka. Ukiyanyima njia ya juu, yatapita chini.

Chini alikuwepo wifi yake, fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na mshono ulionyooka. Nyumba yake ilikaa mbele, karibu na lami, juu ya mwamba mgumu. Nyuma, mteremko ulikuwa unashuka taratibu mpaka karibu na jiko lake. Akaona nafasi inapotea bure. Akauchonga ukingo ule wima, kama mtu anavyokata mkate, akajenga vyumba viwili vya kupangisha, migongo yake ikiegemea udongo. Vyumba vilipendeza. Kisha ukuta wa nyuma ukaanza kutoka jasho. Rangi ikavimba, ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mpangaji wa kwanza aliingia, akavuta pumzi, akauliza, "Humu kuna mtu anaoga?"

"Sabuni," wifi alisema alipotusimulia. "Chumba kinanukia sabuni ya mche. Wapangaji wanataka chumba, mimi nawapa bafu. Wifi yangu huyu ananifulia bila kunitoza."

Akapanda kwenda kulisema hilo mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nimefuatilia habari ya kokoto za sakafu.

"Wifi, maji yako yako ukutani kwangu."

"Maji yangu yako shimoni, wifi. Njoo uangalie, njia kavu."

"Njia kavu, chumba kibichi. Sasa hapo umetengeneza nini?"

"Nimetengeneza amani. Wewe ndiye uliyekata mlima ukauegemezea nyumba. Mlima umekujibu."

"Mchimba shimo huingia mwenyewe," wifi alisema.

"Basi nitakukuta humo ndani, maana umechimba lako kubwa kuliko langu."

Bibi alicheka dirishani. "Wote wawili mna akili za baba yenu," alisema, ingawa baba alikuwa wa mmoja tu.

Wakati huohuo mambo mengine yalitokea uani, na kila moja lilipata maelezo yake rahisi. Kamba za kuanikia zilianza kukatika. Si kuukuu, kamba mpya, zilizofungwa zikiwa zimelegea vizuri, baada ya wiki kadhaa zilikuwa zimekaza kama waya wa gitaa, kisha paa! mashuka ya zahanati chini. Mama Povu alimgombeza muuza kamba. Halafu ufa ulitokea ardhini, ukipita katikati ya nguzo za kamba, za juu na za chini, umepinda kama mwezi mchanga, ncha zikielekea bondeni. Akaujaza taka za ufagio. Ukafunguka tena. Ipo methali ya ufa na ukuta, kila mtu anaijua, na nakiri mimi nilikwishaanza kumhesabia ukuta huo kichwani, urefu kwa kimo. Methali haisemi ukuta ujengwe wapi.

Wifi ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi. Alikwenda kushtaki. Alitaka barua ya kumzuia mwenzake kufua, basi. Badala ya barua akaja mpimaji wa miamba na udongo, mwanamke mwenye viatu vizito na kofia ya mkeka, hana haraka, akashika njia kutoka chini kwenda juu akiangalia kila kitu: ukuta unaotoka jasho, miti iliyopinda shina chini kisha ikanyooka juu, mlango wa Mama Povu. Mlangoni alikaa sana. Akaweka pimamaji ya fundi juu ya fremu, tukaona kiputo kimekimbilia upande mmoja.

"Seremala wako anafanya kazi nzuri," alisema. "Anauchonga mlango ufanane na nyumba inavyoanguka."

Mama Povu aliinama kukitazama kile kiputo.

Wifi akadakia. "Si niliwaambia? Ni maji yake."

"Ni maji yake," mpimaji alikubali. "Na ni panga lako, mama."

"Panga gani tena?"

Mpimaji aliomba mashuka. Akachukua rundo lililokunjwa, akaliweka kwenye kibao cha kufulia, ambacho kilikuwa kimeinama kidogo ili maji yashuke. Rundo likatulia. "Huu ndio mteremko wenu. Udongo wa mfinyanzi umelalia mwamba, na mwamba umeinama. Kwa nini hauporomoki?"

"Umeshikana," Mama Povu alisema.

"Umeshikana, na chini kuna kitu kinauzuia." Aliweka mche wa sabuni mbele ya rundo, kisha akachota maji, akayapitisha chini ya shuka la mwisho, taratibu. "Maji yanaongeza uzito, hilo mnalijua, shuka bichi halibebeki kama kavu. Lakini kubwa zaidi, yanajipenyeza katikati na kuachanisha vitu vilivyokuwa vimekumbatiana. Sasa nikiondoa hii sabuni ya mbele, kama mama alivyouchonga ukingo?"

Hakungoja jibu. Aliiondoa, na rundo likateleza, zima zima, bila kukunjuka, likasimama ukingoni mwa kibao.

"Mashuka ya zahanati hayo," Mama Povu alisema. "Nimeshayapiga pasi."

"Samahani, mama."

Tulimuuliza kama ni yale maporomoko tunayosikia, ya kijiji kufunikwa watu wakila. Akasema maporomoko hayana tabia moja. Kule kwenye barabara kuu iliyochongwa mlimani ni mawe: mwamba umepasuka, jiwe linatoka na kuruka, halina taarifa. Kwenye mabonde yaliyokatwa miti huja tope, mvua kubwa ikinyesha kwenye udongo usio na mizizi, nalo hukimbia kuliko mtu. Upo udongo unaotambaa tu, mwaka baada ya mwaka, na miti yetu iliyopinda shina inasema tumekuwa tunatambaa kitambo. "Lakini huu ufa wa mwezi ni wa aina nyingine. Ardhi ya namna hii hukaa kitako. Sehemu ya juu inazama, ya chini inasukumwa mbele, kama mtu anayetelezea kitini. Haina haraka mpaka siku iwe nayo."

"Siku gani?" Bibi aliuliza dirishani.

"Mvua ndefu, bibi. Siku kadhaa bila kukatika."

Akatuachia maagizo. Maji yasiingie ardhini tena, hata ndoo moja. Yapelekwe kwa mfereji wa saruji mpaka barabarani. Ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, mvua isipenye hapo. Tangi litolewe juu. Kule chini, pale palipochongwa parudishiwe uzito, mawe makubwa yanayopitisha maji, maana yake vyumba viwili vya wifi vife. Na mtu yeyote asilale nyumba ya juu mvua ikianza. Nikamuuliza habari ya ukuta. Akaniangalia kama anayenifahamu siku nyingi. "Ukuta mbele ya udongo uliojaa maji unaanguka na udongo," alisema. "Kwanza maji, kisha mawe yaliyomwagwa tu. Hayo nayo si unauza?"

Nayo nauza.

Akapigilia vigingi pande mbili za ufa, akaondoka. Kila asubuhi Mama Povu alipima kwa uzi, na kila baada ya siku chache uzi haukutosha.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwa sababu kuambiwa ni rahisi. Mama Povu asipofua hali, na juu pale ndipo palipo kazi yake. Zahanati ilikuwa imeshamwambia wapo madobi wengine wenye mashine. Wifi naye alikuwa ameweka kila alichoshona kwenye vile vyumba viwili. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. "Akiacha kumwaga, nitavunja," alisema wa chini. "Akivunja, nitaacha," alisema wa juu. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya kilima, hayamsubiri yeyote.

Nimefanya biashara maisha yangu yote, na nimeona watu wengi wakipoteza mali kwa kuona aibu ya kuwa wa kwanza kutaja bei. Mama Povu hakuwa na aibu hiyo. Asubuhi moja nilimwona akishuka, beseni kichwani, na nyuma yake vijana wawili wamembeba Bibi kwenye kiti, na Bibi analalamika njia nzima kwamba wanamtikisa kama maziwa.

Walimshusha sebuleni kwa wifi, katikati ya vitambaa.

"Wifi," Mama Povu alisema, "mama yako huyu. Nimekuletea."

Wifi aliacha cherehani. "Umemchoka?"

"Sijamchoka. Analala chumba cha nyuma, mita chache na ule ufa. Mimi nikifa, nimekufa na kazi yangu. Huyu sitaki afe pamoja nami."

Wifi alimtazama Bibi, kisha yule aliyemleta.

"Unataka nini?" wifi aliuliza, maana naye si mtoto.

"Uwanja wako wa mbele, hapo unapotundika magauni. Mwamba mgumu, mfereji wa barabara uko hapo hapo. Nihamishie vibao vyangu na tangi. Sitamwaga tone nyuma."

"Nguo zangu nitatundika wapi?"

"Barazani. Na nitakuuguzia mama yako humu humu, kama nilivyokuwa nikifanya, nitie na chumvi. Wewe hujui kumgeuza kitandani, unamgeuza kama kitambaa."

"Kweli kabisa," Bibi alisema.

"Na mashuka ya zahanati yakichanika, makoti yakikatika vifungo, mpaka sasa nawarudishia hivyo hivyo. Kuanzia leo yatapita kwenye cherehani yako kwanza. Wale wenye mashine hawashoni. Hapo nitawashinda."

Wifi aliangalia dirishani, kule nyuma, kwenye vyumba vyake vyenye jasho. Alivipenda. Alivipaka rangi mwenyewe, ya machungwa kimoja na kijani kimoja. "Vile vyumba nimevijenga kwa sindano," alisema taratibu. "Mshono mmoja mmoja."

"Najua, wifi."

"Hujui."

"Sijui," Mama Povu alikubali. "Lakini hakuna anayepanga."

Wakavunja paa na milango wiki ile ile. Mawe nilipeleka mimi, makubwa, lori baada ya lori, yakamwagwa pale palipochongwa mpaka yakafika dirishani, kisha yakapita. Rangi ya machungwa ikafunikwa mwisho. Wifi alikuwa ndani anashona, na siku ile cherehani haikupumzika.

Mvua ikaja kabla ya kazi kwisha. Mfereji ulikuwa tayari, tangi liko chini, lakini maji ya miaka yalikuwa bado tumboni mwa mteremko, na hayatoki kwa kuombwa. Siku ya kwanza watu walisema mvua ya kawaida. Siku zilizofuata hawakusema. Na Mama Povu alikuwa na tatizo moja alilolificha: mashuka ya zahanati alikuwa ameyaanika ndani ya nyumba yake ya juu, kwa sababu huku chini hapakuwa na paa la kutosha. Zahanati ilitaka mashuka kesho yake.

"Napanda mara moja, nashuka," alisema, akijifunga kanga kichwani.

"Yaache," wifi alisema.

"Nikiyaacha nimewapa kazi watu wa mashine."

"Na ukibaki huko watampa nani?"

Mama Povu alipanda. Mimi nilimfuata kwa nyuma, sijui kwa nini, labda kwa sababu mtu hawezi kukaa dukani akiangalia mteja anapanda kule. Tulifika getini. Uani, ule ufa uliozibwa ulikuwa umefunguka tena, na upande wa chini ulikuwa umeshuka, kama ngazi, hatua nzima ya mtu mzima. Kupitia dirisha tuliona mashuka yamening'inia ndani, meupe, safi, yamekauka. Mlango ulikuwa karibu. Ungeyachukua yote kwa mikono miwili.

Alisimama pale muda, mvua ikimchuruzika puani. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. Kisha akageuka.

"Mashuka hufumwa mengine," alisema. "Tushuke."

Tulikuwa hatujafika kwenye mwembe wa seremala tuliposikia. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa sauti kama ya gunia kubwa linaloburutwa, kisha mbao zikikatika moja moja. Uani kwa Mama Povu kulizama taratibu, nguzo za kamba zikainamia nyuma, upande wa mlima, na nusu ya nyuma ya nyumba, chumba cha Bibi pamoja na kitanda kilichobaki, ikaketi chini juu ya udongo. Ule udongo ulisukuma mbele mpaka kwenye mawe, ukayavimbisha, ukasimama. Nyumba ya wifi ilitikisika vyombo. Basi.

Watu walilia kilimani kote, wengine kwa woga wa mashimo yao wenyewe. Mama Povu hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye ngazi ya wifi, akaangalia alipokuwa akiishi, na alipoulizwa kama anataka chai akasema anataka.

Asubuhi alikwenda zahanati bila mashuka. Hakupeleka hadithi ndefu. Alimwambia muuguzi mkuu: yako chini ya nyumba yangu, nitayalipa au nitayatoa, chagua. Muuguzi mkuu alikuwa ameshasikia. Kilima kizima kilikuwa kimeshasikia. Akachagua yatolewe.

Mvua ilipokatika, na mpimaji akaridhika kwamba ardhi imetulia, vijana waliyachimbua. Yalikuwa rangi ya matofali. Mama Povu akayajaza kwenye karai, hakutia sabuni kwanza. "Udongo wa mfinyanzi hautolewi kwa povu," alisema. "Unasuuzwa. Maji tupu, mara nyingi." Maji mekundu yakashuka kwenye mfereji mpaka barabarani, na hakuna aliyesema neno.

Shuka zito halikamuliki na mtu mmoja. Wifi aliitwa, akaacha cherehani, akashika ncha ya pili, hajawahi, akaanza kunyonga.

"Wifi, unanifuata," Mama Povu alisema. "Nikizungusha huku, wewe zungusha kule. Tukienda pamoja hakuna kitakachotoka."

"Sasa mbona hukusema mwanzo?"

"Nimesema sasa. Kaza."